Nukta Mkato Kwenye Kadi ya Harusi Yangu

Kadi ya harusi yangu niliiandika mwenyewe. Katika ukoo wetu jambo hilo lilikuwa halijatokea, kwa sababu kwetu bibi arusi hukaa ndani, hupakwa hina na kuulizwa kila mara kama amekula. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya upili ya wasichana hapa Garissa, na baba alitaka kadi yenye pande mbili. Upande mmoja uwe Kisomali, kwa ajili ya jamaa. Upande wa pili uwe Kiingereza, kwa ajili ya walimu wenzangu waliotoka Machakos na Kakamega na kwa ajili ya wale maafisa wa mifugo wanaofanya kazi na mchumba wangu. Upande wa Kisomali baba aliusimamia mwenyewe. Wa Kiingereza akanikabidhi.

Alikaa kwenye zulia, chai ya maziwa ya ngamia mbele yake, akanitajia maneno kwa Kisomali polepole kama mtu anayetoa ushahidi.

"Waambie tumeisubiri siku hii," alisema. "Waambie waje wale na sisi."

Nikaandika: "We have waited for this day; come and eat with us."

Baada ya "day" niliweka nukta mkato. Ni ile alama ambayo juu ina nukta na chini ina mkato, ambayo wanafunzi wangu wengi huiogopa na wengine huiweka popote kama pilipili. Mimi naipenda tangu kidato cha pili. Wakati huo insha zangu zilikuwa zikirudi zimejaa wino mwekundu, kwa kuwa niliunganisha kila sentensi na mwenzake kwa mkato mtupu, ukurasa mzima bila kupumua. Siku moja mwalimu wetu aliniita mezani kwake akaniambia, "Mkato peke yake hauwezi kushika sentensi mbili nzima. Weka nukta, au weka 'and', au jaribu hii." Akaichora. Nilirudi kwenye dawati nikaandika sentensi nyingi za kujaribu, zote nikizifunga kwa alama hiyo, na moyo ulikuwa ukinidunda kama niliyepewa ufunguo wa nyumba ya watu wengine.

Kwa hiyo niliposoma sentensi ya baba kwa Kiingereza nilifurahi kupita kiasi. Ilikuwa na pande mbili, kila upande ukiweza kusimama peke yake, na pande hizo zilikuwa zinahusiana: tumesubiri, basi njooni. Nukta ingezitenganisha mno. Niliyamaliza maelezo mengine, ya mahali na saa na mabasi ya kuwaleta jamaa wa mbali, nikampelekea mpiga chapa. Jioni hiyo hiyo akanitumia picha ya kadi kwa simu. Ilikuwa ya rangi ya maziwa, yenye maua ya dhahabu pembeni. Nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp ambalo familia zetu mbili zilikuwa zimelifungua kwa ajili ya harusi, nikalala nikitabasamu.

Asubuhi nilikuwa katika ofisi ya walimu nikisahihisha madaftari simu ilipoanza kutetemeka. Watu walikuwa wakiandika mashallah, mashallah, mmoja baada ya mwingine. Katikati ya hizo mashallah kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa aina nyingine:

"Nani ameweka hiyo nukta mkato?"

Ulitoka kwa wifi yangu mtarajiwa.

Lazima nimweleze huyu wifi. Ni dada mkubwa wa mchumba wangu, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Anafundisha Kiingereza huko Elwak, na kwa jinsi ninavyosikia, ukipita sokoni Elwak na kuuliza nani amefundishwa naye, nusu ya wauzaji watainua mikono. Mimi nilikuwa sijawahi kumwona. Nilimjua kwa sifa tu, na mchumba wangu, mtu mzima anayeweza kumshika ngamia mgonjwa bila wasiwasi, alikuwa akimtaja dada yake huku akinyoosha kola ya shati.

Kabla sijajua nijibu nini, akapiga. Nikatoka nje, nikasimama kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Assalamu alaikum. Wewe ndiye bibi arusi?"

"Wa alaikum salaam, abaayo. Ndiyo mimi," nilijibu, nikimwita dada kwa lugha yetu.

"Na aliyeandika Kiingereza cha kadi ni nani?"

"Ni mimi pia."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake na kelele za watoto zikapungua. "Sawa," alisema. "Basi nieleze. Pande zote mbili za nukta mkato zinatakiwa ziwe sentensi kamili. Ndivyo au sivyo?"

"Ndivyo, abaayo."

"'We have waited for this day.' Hiyo ni kamili. Ina kiima, ina kitenzi. Sasa, 'come and eat with us.' Kiima kiko wapi? Nani anakuja?"

"Ni 'you'. Amefichika. Katika sentensi ya amri huwa hatumtaji."

"Amefichika wapi? Mimi simwoni."

"Hata usipomwona, yupo."

"Mimi nafundisha watoto wasiweke nukta mkato mahali ambapo upande wa pili umekatika mguu. Sasa wanafunzi wangu wataiona kadi ya ndugu yangu, waje waniulize. Niwajibu kwamba mtu amefichika?"

Niliogopa, lakini haikuwa woga peke yake. Sijui nitaelezaje. Katika ofisi yetu ya walimu tunazungumza juu ya mishahara, ratiba na joto. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia simu kutoka Elwak kuniuliza kiima kiko wapi. Nilitaka kushinda, na wakati huo huo nilitaka asikate simu.

"Abaayo," nilianza, "tukiweka nukta badala ya..." Mtandao ukakatika. Nikapiga tena na tena, nikaambiwa kila mara kwamba mteja hapatikani. Huko Elwak mtandao ukiondoka, huondoka kwa starehe zake.

Mchana niliporudi nyumbani nilikuta habari imeshanitangulia. Mama alikuwa amekaa na uso wa matanga.

"Huyo mwanamke ndiye mama mkwe wako, kwa maana halisi," aliniambia. "Hujamfikia hata mlangoni, umeshagombana naye. Juu ya nini? Juu ya kidoa!"

"Hatukugombana, Hooyo. Tulikuwa tunajadiliana."

"Mpe nukta yake."

Baba, aliyekuwa akisikiliza redio, akapunguza sauti. "Ukiweka nukta ya kawaida, nani ataumia?" aliuliza.

"Hakuna atakayeumia, Aabo. Lakini hii niliyoweka si kosa. Nikiiondoa nitakuwa nimekubali kwamba ni kosa, na mimi ninaifundisha kila mwaka."

Walitazamana. Baba akaongeza sauti ya redio. Niliingia chumbani, nikafungua vitabu vyangu vya chuoni, nikatafuta ukurasa wa kumpigia picha na kumtumia. Nilipata kurasa kadhaa. Zote zilikuwa sahihi na zote zilikuwa kavu, za kumwambia tu kwamba kanuni ni hii. Yeye kanuni alizijua. Alichotaka ni kumwona huyo mtu aliyefichika.

Nilikuwa bado nimeinamia vitabu mama alipoita kutoka jikoni: "Kaalay!"

Kwetu hilo ndilo neno la njoo. Nikainuka. Nilifika katikati ya ukumbi, nikasimama ghafla, nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu. Ndani ya nyumba tulikuwa watu kadhaa. Mama hakutaja jina. Alisema neno moja tu, na mimi nikainuka bila kuuliza nani aje.

Sikumaliza hata kwenda jikoni. Nilichukua simu nikamrekodia wifi sauti, nikichanganya Kisomali, Kiswahili na Kiingereza kwa msisimko: "Abaayo, nisamehe kwa kukusumbua tena. Huyu mchumba wangu alipokuwa mdogo, ulipokuwa ukimwita kaalay, aliwahi kukuuliza kiima kiko wapi? Alijua ni yeye. 'Come' ni sentensi nzima, hata ikiwa neno moja. Mgeni akiisoma kadi atajua ni yeye anayeitwa. Kwa hiyo upande wa pili una miguu yake yote. Ni hayo tu, abaayo."

Nikatuma. Ikatokea tiki moja ya kijivu, maana yake haijamfikia. Nikaenda jikoni, ambako mama alitaka tu nimshikie chujio la chai, na kila nilipopata mkono mmoja huru nilichungulia simu. Tiki moja. Wakati wa chakula cha jioni, tiki moja. Mpiga chapa alinitumia ujumbe kwamba kesho asubuhi anaanza kuchapa, kwa sababu baadaye ana vyeti vya madrasa vya kumaliza. Nilimwambia aendelee, upande wa Kiingereza usiguse kitu. Nilijipiga kifua kidogo nilipoandika hivyo.

Asubuhi iliyofuata, Jumamosi, niliamka nikakuta jumbe tatu za sauti kutoka Elwak.

Wa kwanza ulianza na kicheko. Kilikuwa kicheko kirefu cha mwanamke anayecheka akiwa peke yake, halafu akasema, "Nimekubali! Wallahi nimekubali. Nimemwita huyo kijana kaalay tangu hajui kuvaa viatu, na hakuniuliza hata siku moja. Nukta mkato yako ibaki. Jumatatu nitawaambia wanafunzi wangu niliwafundisha nusu ya jambo."

Niliruka kitandani. Nilikuwa nimeshapata ushindi, na kutoka kwa mtu ambaye kukubali kwake kuna thamani. Nikabonyeza wa pili.

"Lakini," sauti ilisema, na kicheko kilikuwa kimekwisha. "Hapo ulipopigania hapakuwa na hatari yoyote. Sasa shuka chini kwenye mabasi. Soma polepole."

Nilifungua picha ya kadi. Baba alikuwa amesisitiza kwamba kila mji utajwe pamoja na kaunti yake, ili wageni kutoka Machakos wajue watu wametoka mbali kiasi gani. Nami niliandika: "Buses will leave from Takaba, Mandera, Elwak, Mandera, and Liboi, Garissa."

Nilikuwa na maana ya mabasi matatu. La kwanza litoke Takaba, mji ulio kaunti ya Mandera. La pili litoke Elwak, kaunti hiyo hiyo. La tatu litoke Liboi, mpakani, katika kaunti yetu ya Garissa, wanakokaa ndugu za mama. Lakini macho yangu sasa yaliona mikato imetapakaa mstari mzima, yote ya aina moja, na mtu asingeweza kujua ni upi unaotenga mji na mji na ni upi unaotenga mji na kaunti yake.

Ujumbe wa tatu ulisema: "Adeer wetu wa Takaba, yule ndugu ya baba, alinipigia jana. Amehesabu mabasi sita. Ameona Mandera mara mbili, kwa hiyo ameshawatangazia jamaa wa Mandera mjini kwamba wameletewa mabasi mawili kwa heshima yao. Wanajiandaa. Hapo ndipo alama yako inapohitajika, bibi arusi. Weka nukta mkato kati ya mji na mji. Mkato ubaki kati ya mji na kaunti yake. Na kama nafasi ipo, ongeza neno 'County'. Kimbia."

Nilikimbia. Nilimpigia mpiga chapa, simu ikalia bila kupokelewa, maana mashine zake zikishika kazi hasikii kitu. Nilimwachia baba simu ya nyumbani nikamwomba aendelee kupiga bila kuchoka. Nikajifunga mtandio, nikatoka kwenye lile jua ambalo saa mbili ya asubuhi tayari lina hasira, nikasimamisha tuktuk.

"Wapi, mwalimu?" dereva aliuliza.

"Kwa mpiga chapa, nyuma ya benki. Haraka, tafadhali. Kuna kosa kwenye kadi ya harusi."

"Wamekosea jina la bwana?"

"Afadhali ingekuwa jina!"

Alikanyaga mafuta. Tulipishana na kundi la mbuzi waliokuwa wakipelekwa sokoni, tukazunguka lori lililokwama, na njia nzima nilikuwa nikirudia kwa sauti: Takaba, Mandera, nukta mkato, Elwak, Mandera, nukta mkato, and Liboi, Garissa, nukta. Dereva alinitazama kwenye kioo mara mbili.

Nilipoingia dukani, mashine ilikuwa kimya. Mpiga chapa, kijana mpole kutoka Mwingi, alikuwa amesimama katikati ya duka akiwa na simu sikioni na uso uliochanganyikiwa. Ndani ya simu nilisikia sauti ya baba, ambaye herufi p humgeukia b anapozungumza Kiswahili:

"Usibige mashine! Kijana, nasema usibige! Binti yangu anakuja mbio!"

"Ameshafika, mzee," kijana alisema. "Yuko hapa. Hapana, mzee, sijapiga. Nimechapa upande wa Kisomali peke yake. Wino unakauka."

Nikaketi kwenye boksi la karatasi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Wasichana wawili waliokuja kutoa nakala za vitambulisho walinitazama kwa huruma.

Kijana alifungua kadi kwenye kompyuta. Nilimwonyesha mahali pa kubadilisha. Kwanza aliweka nukta mbili, moja juu ya nyingine. Nikamwambia hapana, hiyo ni alama nyingine, hii ina mkia. Akaweka vizuri. Tukaongeza neno "County" mara tatu, herufi zikapungua kidogo lakini zikasomeka. Halafu, kwa hisani yake mwenyewe, akapanda juu kwenye sentensi ya baba akaigeuza c ya "come" kuwa herufi kubwa.

"Mbona umefanya hivyo?"

"Si kuna nukta hapo, mwalimu? Baada ya nukta tunaanza na herufi kubwa."

"Baada ya hii, herufi inabaki ndogo. Sentensi haijaisha. Imepumzika tu."

Akarudisha ndogo. Aliisogelea skrini akaitazama ile alama kwa muda. "Miaka yote hii ninachapa," alisema, "watu hunirudishia kadi kwa sababu ya jina, tarehe, au rangi ya maua. Wewe ni wa kwanza kuja mbio kwa sababu ya vidudu hivi." Lakini alisema akitabasamu, na alipobonyeza kuchapa aliniita nisimame karibu nione ya kwanza ikitoka. Ilitoka ikiwa na joto kama anjera. Niliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na yale mabasi yalikuwa matatu, wala hakuna mtu ambaye angeweza kuyafanya sita.

Nikaipiga picha, nikamtumia wifi. Alijibu kwa neno moja la Kiingereza, "Correct", na safari hii halikuwa na alama yoyote.

Wiki ya harusi alikuja mwenyewe. Alitangulia kwa basi la abiria; lilitoka Elwak, likapita Wajir, likisimamishwa na kukaguliwa njia nzima kama kawaida, na likafika Garissa alasiri. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, mikono na miguu imepakwa hina mbichi, siwezi hata kujikuna. Mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke mfupi. Nilikuwa nimemfikiria mrefu kama mlingoti! Miwani yake ilikuwa imejaa vumbi na begi lake limemning'inia begani. Watu wote waliinuka kumsalimia. Yeye alikuja moja kwa moja hadi nilipoketi, akanitazama, akaona mikono yangu haishikiki, basi akanishika mashavu kwa mikono yake miwili.

"Kumbe ndiye wewe," alisema.

"Ndiye mimi, abaayo."

"Njiani nimekuwa nikifikiria neno 'however'. Wanafunzi wako huliwekaje?"

"Wengi huweka mkato mbele yake, mkato nyuma yake, basi."

"Wangu pia! Kila mwaka! Mimi huwaambia, mbele nukta mkato, nyuma mkato. 'The camel was tired; however, it did not sit down.'"

"Mimi hutumia mvua. 'The clouds came; however, it did not rain.'"

"Ya kwako ina huzuni," alisema. "Lakini ni nzuri. Nitaiiba."

Akavua viatu, akaketi kando yangu kwenye mkeka, na hatukunyamaza tena. Alikuwa akiniambia jinsi anavyowafundisha: anawasimamisha wanafunzi wawili mbele ya darasa, kila mmoja akiwa na kipande chake cha sentensi, na anayeshindwa kusimama na maana yake peke yake anarudi kukaa. Mimi nikamwambia kwamba wangu huchanganya alama hii na ile ya nukta mbili, na hilo likatupeleka kwenye mjadala mwingine. Mpakaji hina alikuwa akinikemea nisitikise mikono. Mama alipita na sinia ya halua, akasimama akatusikiliza.

"Hii ni harusi au mtihani?" aliuliza.

"Ni vyote, eedo," wifi alimjibu, akimwita shangazi, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu mambo ya kadi yaanze. Nilimwona akirudi jikoni, akimnong'oneza dada yake kitu, na wote wawili wakageuka kututazama kwa macho ya kuridhika.

Siku ya harusi yenyewe ilikwenda haraka mno. Ninachokumbuka vizuri ni mabasi. La Liboi lilifika kwanza, limejaa ndugu za mama na vigelegele. La Elwak likafuata. La Takaba lilichelewa, na lilipofika halikuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na gari jingine lililojaa watu ambao sikuwajua. Walikuwa ni wale jamaa wa Mandera mjini. Adeer wa Takaba alikuwa ameshawatangazia mabasi mawili, na alipoambiwa ukweli aliona aibu kurudi kuwaambia kwamba hakuna hata moja. Basi akatafuta gari mwenyewe, wakaja.

Nilimtazama baba kupitia dirishani. Aliwahesabu walivyokuwa wakishuka, akashika ndevu, akageuka kwa wapishi akawaambia wachinje tena. Halafu akawaendea na mikono imefunguliwa. Mzee mmoja wao alikuwa na kadi mkononi, akampongeza baba kwa maneno mazuri yaliyoandikwa upande wa Kiingereza, ambayo mjukuu wake alikuwa amemtafsiria njia nzima. Baba alipokea sifa zote kwa utulivu.

"Ni maneno yangu," alisema. "Binti yangu alinisaidia tu na alama."

Baada ya harusi nilidhani mambo ya wifi yangu na mimi yatapoa, kwa kuwa Elwak ni mbali na kila mtu ana shughuli zake. Hayakupoa. Likizo ilipofika alinitumia ujumbe kwamba yeye huwakusanya watoto wa mtaa kwenye ua wake ili wasisahau walichosoma, na kwamba safari hii amewaahidi mwalimu mgeni. Mume wangu alikuwa na kazi ya chanjo ya mifugo upande huo huo, kwa hiyo tulisafiri pamoja.

Ua wake ni mpana, una ukuta wa matofali na ubao mweusi ulioegemezwa kwenye ukuta huo. Asubuhi ya kwanza watoto walikuwa wamejaa, wengine kwenye mikeka, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa. Wifi alinikabidhi chaki kama mtu anayekabidhi funguo za gari. Niliwaeleza alama, nikachora nukta, nikachora mkia chini yake, nikawaambia kila mmoja aniletee sentensi mbili za maisha yake mwenyewe, zinazojuana, tuzifunge pamoja.

Waliinamia madaftari. Kisha msichana mmoja mwenye mtandio wa kijani akanyanyua mkono. Baba yake huuza ngamia. Alikuja ubaoni akaandika: "My father sells camels; he cries when he sells them." Wifi na mimi tulitazamana. Mwingine, mvulana, akaandika kwamba alichelewa shuleni, akaweka nukta mkato, akaandika "because of the goat". Tulipaza sauti kwa pamoja, "Hapana!", na darasa zima likaangua kicheko. Mvulana naye alicheka, akaifuta alama kwa kiganja, akasoma upya, akaona mwenyewe kwamba kipande chake cha mbuzi hakiwezi kusimama peke yake. Akawaza kidogo, akaandika: "I was late; the goat was in front of the door." Walimpigia makofi.

Baada ya hapo hawakushikika. Waligombania ubao. Mmoja aliandika juu ya dada yake aliyeko Nairobi, mwingine juu ya kisima, mwingine juu ya timu yake ya mpira iliyofungwa. Mtoto mmoja mdogo kuliko wote, ambaye wifi aliniambia kwa kawaida hasemi kitu, alisubiri mpaka wenzake walipompisha. Aliandika taratibu, ulimi ukitokeza pembeni mwa mdomo: "The rain came; the road went."

Niliisoma mara tatu. Wifi alivua miwani akaifuta. Mtoto alitutazama akidhani amekosea, na wifi akamshika bega akamwambia aisome kwa sauti ili majirani wasikie. Akaisoma. Wenzake wakaanza kuirudia. Chaki ilipoisha, mmoja wao alikimbia jikoni akarudi na vipande vya makaa, na wakaendelea kuandika ukutani.